Pokémon na kero zake ndogondogo: habari ya kaseti ya mjomba

Wiki iliyopita nilimpelekea fundi redio pale Kariakoo kitu kilichomfanya acheke. Haikuwa redio wala simu. Ilikuwa kaseti ya gemu, ya plastiki ya rangi ya fedha, kibandiko chake kimechubuka pembeni lakini yule ndege mkubwa mweupe bado anaonekana. Nikamwambia nataka anibadilishie betri. Akaigeuza, akaitingisha sikioni, akaniuliza, "Hii nayo ina betri, mdogo wangu?"

Ina. Na betri hiyo ndiyo iliyonifanya niandike haya leo badala ya ile habari ya nauli niliyomwahidi mhariri. (Mhariri, kama unapita hapa, inakuja kesho.)

Kaseti yenyewe ni Pokémon Silver. Mjomba aliniletea mwaka 2009 alipokuja likizo Tanga kutoka Muscat, pamoja na Game Boy Color ya mtumba aliyoinunua Ruwi. Nilikuwa na miaka tisa, darasa la tatu. Nilipoiwasha mara ya kwanza nilikuta kuna mtu ndani. Kulikuwa na safari ya mtoto mwingine imehifadhiwa: jina lake la herufi nne, beji zote 16, na saa za kucheza zaidi ya mia moja. Mimi sikujua hayo yote yana maana gani. Nikachagua kuanza upya. Gemu ikaja kuniuliza, wakati wa kuhifadhi, kama nina hakika nataka kufuta ile ya zamani. Kiingereza changu cha darasa la tatu kilitosha kusoma neno YES.

Basi, hiyo ni mojawapo ya kero za Pokémon, tena maarufu: kaseti moja, safari moja. Nitairudia. Kwanza niwaeleze wale ambao hawajawahi kuligusa gemu hili, maana najua wengi mnaopita hapa mmezoea nikiandika habari za maji na halmashauri.

Pokémon ni mfululizo wa michezo ulioanza Japani tarehe 27 Februari 1996, kwa matoleo mawili, Red na Green, ya mashine ya mkononi ya Game Boy. Unakuwa mtoto anayeondoka kwao, anazunguka nchi akikamata viumbe wa ajabu, anawafunza, anawapambanisha. Mwanzo viumbe walikuwa 151. Leo wamepita 1,000. Mashabiki wake ni watu wa ajabu kidogo, na mimi nimo. Waweke wawili chumba kimoja, hawataanza na sifa. Wataanza na popo wa mapangoni aitwaye Zubat, anayekurukia kila hatua tatu. Watatoka hapo waende kwenye mlio wa tahadhari usionyamaza mnyama wako akikaribia kuzirai, wamalizie na mzee wa mji wa Viridian aliyelala njiani na hakupishi mpaka amalize usingizi. (Kwenye toleo la Kijapani mzee yule alikuwa amelewa. Waliopeleka gemu Marekani wakasema hajanywa kahawa yake tu.)

Kwa muda mrefu nilidhani kero hizi ni uzembe wa watengenezaji. Siku hizi sidhani hivyo. Nimezifuatilia moja moja, kama ninavyofuatilia hati za kiwanja, na nimegundua kwamba nyingi zilizaliwa zikiwa jibu sahihi la swali la wakati ule. Swali likafa, jibu likabaki.

Chukua ile inayoniuma mimi kuliko zote. Kuna viumbe ambao hawafiki umbo lao la mwisho mpaka umpe mtu mwingine. Mwaka 1996 walikuwa wanne: Kadabra, Machoke, Graveler na Haunter. Unaweza kumfunza Haunter hadi kiwango cha mia, atabaki Haunter. Lakini mpitishe kwenye waya aende kwenye mashine ya rafiki yako, pale pale anakuwa Gengar. Ukiwa huna rafiki mwenye mashine na kaseti ya namna hiyo, pole.

Ukitaka kujua kwa nini, lazima uanze na Satoshi Tajiri. Alizaliwa mwaka 1965 akakulia Machida, nje kidogo ya Tokyo, wakati mashamba na madimbwi ya pale yalikuwa yakifunikwa na majengo. Utoto wake ulikuwa wa kukusanya wadudu. Mwaka 1983 alianza kutoa kijarida cha kujitengenezea mwenyewe kuhusu gemu, akakiita Game Freak, na mchoraji Ken Sugimori akajiunga naye. Mwaka 1989 Game Freak ikawa kampuni. Mwaka huo huo Nintendo wakatoa Game Boy, na pembeni yake palikuwa na tundu la waya wa kuunganisha mashine mbili. Wengine waliuona waya ule kama njia ya kushindana. Tajiri amesimulia kwamba yeye aliwaza wadudu wakitambaa ndani yake, kutoka mashine moja kwenda nyingine.

Hapo ndipo gemu lote lilipotoka. Na ukishakuwa na wazo hilo, lazima ujiulize: kama mtoto anaweza kukamata kila kitu peke yake, nani atautumia huo waya? Ndiyo maana kaseti zikawa mbili, viumbe wengine wapo kwenye nyekundu tu, wengine kwenye kijani tu. Ndiyo maana Haunter hageuki mpaka asafiri. Halikuwa kosa hata kidogo, ndilo lililokuwa kusudi. Ilichukua takriban miaka sita kulikamilisha, kampuni ikiyumba kifedha, na lilipotoka kwa mashine ambayo wengi walidhani imeshazeeka, watoto wa Japani wakaanza kuutumia waya ule kama Tajiri alivyoota.

Sasa mchukue mtoto wa Tanga mwaka 2009. Mtaani kwetu Game Boy ilikuwa moja. Yangu.

Haunter wangu nilimpata kwa njia ambayo hata leo huwa inanichekesha. Gold na Silver, zilizotoka Japani Novemba 1999, zilileta saa ya kweli ndani ya kaseti. Saa hiyo inatembea hata ukizima mashine. Kwa hiyo kuna viumbe wa mchana na wa usiku, na kuna mambo ya siku maalumu: Lapras, kwa mfano, anaonekana kwenye pango fulani Ijumaa tu. Mashabiki wengi hulalamikia saa hii, hasa waliokuwa watoto, maana usiku wa gemu ulianza saa kumi na mbili jioni na ukakolea wakati mama ameshasema zima taa. Gastly, ambaye ndiye hukua akawa Haunter, hutokea usiku kwenye mnara wa mji wa pili. Mchana hayupo kabisa.

Mimi nilianza gemu Jumamosi saa tatu asubuhi. Profesa akaniuliza ni saa ngapi. Nikaweka 3.

Mnaona kilichotokea? Kwa Mjapani 3 ile ni saa tisa usiku. Pale sebuleni jua limewaka, mama anaanika nguo, na ndani ya gemu ni giza. Kwa hesabu yangu hiyo ya Kiswahili, usiku wa gemu ulikuwa unaanza kwetu saa sita ya usiku na kuisha saa nne asubuhi. Jumamosi iliyofuata, nikiwa nimeamka mapema, nikamkamata Gastly mnarani bila jasho. Nikirudi shule mchana nikapita mnara ule ule, hakuna hata mmoja. Nikaamini mizuka ya Pokémon hutokea wikiendi tu, na niliendelea kuamini hivyo hadi nilipofika chuo na siku moja nikakaa chini kupiga hesabu.

Turudi 1996, kwenye kumbukumbu. Ukizicheza Red na Blue leo utakuta mkoba wako unabeba vitu 20 tu. Viumbe unaowakamata hukaa kwenye maboksi 12 ya viumbe 20 kila moja, na boksi likijaa, huwezi kukamata mwingine mpaka urudi mjini ukabadilishe boksi kwa mkono kwenye kompyuta. Umesafiri pango zima, umefika kwa yule kiumbe adimu, unarusha mpira, unaambiwa boksi limejaa. Watu wazima wamesusa gemu kwa hilo. Lakini sehemu ya kuhifadhia safari yako katika kaseti ile ilikuwa kilobaiti 32. Picha moja ya harusi unayotumiwa WhatsApp ni kubwa kuliko hapo. Humo ndani wapange viumbe 240 na timu yako, kila mmoja na jina lake, nguvu zake na mbinu zake. Safari ya pili ungeiweka wapi?

Ubanifu huo ndio uliomzaa Mew pia. Gemu lilipokaribia kukamilika, vifaa vya kuchunguza makosa vikaondolewa, ikabaki nafasi ya baiti kama 300 hivi. Mtengenezaji mmoja, Shigeki Morimoto, akampachika humo kiumbe wa 151, karibu kama mzaha. Habari zikavuja, na mwaka 1996 jarida la CoroCoro likaendesha bahati nasibu ya kumgawa Mew kwa wasomaji 20. Maelfu waliandika. Kutoka hapo ikazaliwa kero nyingine ambayo haijafa: viumbe wanaopatikana kwa ugawaji tu, mahali fulani, kwa siku fulani. Anayeishi Osaka anapanda treni. Anayeishi Tanga anasoma habari zake miaka kumi baadaye.

Makosa ya kweli nayo yapo, nisiwatetee mno. Kwenye Red na Blue kuna mbinu iitwayo Focus Energy, iliyokusudiwa kukuongezea uwezekano wa pigo zito. Kwa kosa la hesabu inaupunguza hadi robo. Ni kama dawa ya kikohozi inayoleta kikohozi. Na viumbe wa aina ya mzuka, walioelezwa ndani ya gemu kuwa kiboko ya aina ya Psychic, hawakuweza hata kuwagusa. Watoto walipigwa wakidhani wamekosea wao.

Halafu kuna HM. Hizi ni mbinu maalumu za njiani: Cut ya kukata mti, Surf ya kuvuka maji, Strength ya kusukuma jiwe. Kila mnyama ana nafasi nne tu za mbinu, na mwanzoni HM ukishamfundisha haifutiki. Wazo lenyewe si baya, maana linakufanya uone kwamba wanyama wako wanaishi na wewe njiani, si wa kupigana tu. Lakini mti ule mdogo! Una joka linalotema moto, kiumbe wa radi, na wote mmesimama mbele ya kichaka cha kufika magotini, mnarudi mjini kutafuta mwenye Cut. Kufikia Diamond na Pearl mwaka 2006 HM zilikuwa zimefika nane, wakati timu nzima ya wanyama sita ina nafasi 24. Ndipo kila shabiki akawa na mnyama mmoja wa kubebeshwa HM tu. Wengi humtumia Bidoof, yule mwenye meno ya mbele, akishakua Bibarel. Mimi humwita mpagazi. Hapigani, hapewi sifa, wala picha yake haichorwi kwenye kibandiko, na bila yeye hufiki popote. HM ziliondolewa mwaka 2016, kwenye Sun na Moon, ukawa unaita mnyama wa kupanda na safari inaendelea. Miaka 20 kamili. Na mnajua nini? Nimewakumbuka wapagazi wangu.

Nyingine nizipite haraka. Dawa ya kufukuza wanyama, Repel, ilikuwa inaisha bila wewe kuulizwa kama unataka kupulizia nyingine. Swali hilo la sekunde moja liliwekwa mwaka 2012, kwenye Black 2 na White 2. Diamond na Pearl zilikuwa za polepole hadi unaweza kuchemsha chai wakati mstari wa uhai unashuka. Tena humo viumbe wa moto walikuwa haba kiasi kwamba Flint, bingwa wa moto katika wale wanne wa mwisho, ana wa moto wawili tu kati ya watano, na mmoja wa waliobaki ni sungura. Jamani. Platinum ikaja mwaka 2008 ikamrudishia heshima yake. Na mwaka 2014 mhakiki wa IGN aliipa Omega Ruby na Alpha Sapphire alama 7.8, akiorodhesha maji kupita kiasi miongoni mwa kasoro. Dunia nzima ikamcheka. Ila mtu aliyewahi kuogelea mashariki ya nchi ile, akivamiwa na kiwavu-bahari kila baada ya mapigo matano, anajua alikuwa na hoja.

Niliyobaki nayo kifuani ni ya Feebas. Ruby na Sapphire za mwaka 2002 zina samaki huyu mbaya wa sura, anayepatikana kwenye mto mmoja tu. Mto huo una vipande vya maji zaidi ya 400. Feebas yuko kwenye vipande sita. Hakuna dalili inayokuonyesha ni vipi. Unavua kimoja, mara nyingi, unasogea, unavua kingine. Kibaya zaidi, vipande hivyo vimefungamanishwa na msemo unaovuma katika kijiji kimoja mbali kabisa na mto, na msemo ukibadilika, samaki nao wanahama. Umempata? Bado. Ili akue awe Milotic, ambaye ni mzuri kweli kweli, lazima umlishe vidonge vya kuongeza uzuri. Vidonge vinatengenezwa kwa matunda, na matunda unayapanda mwenyewe na kusubiri yakue kwa saa ile ya ndani ya kaseti. Na saa hiyo katika kaseti nyingi za Ruby na Sapphire ilikuwa na kasoro: ikishatimiza mwaka mmoja hivi, inaganda, matunda yanaacha kukua. Dawa yake ilikuwa kuunganisha kaseti yako na mojawapo ya matoleo yaliyofuata, kama FireRed na LeafGreen za mwaka 2004. Yaani uwe na waya. Tumerudi kwenye waya.

Feebas ndiye anayenifanya nisikubaliane na wanaosema kila kero ilikuwa na sababu. Mtu aliyeketi akapanga msemo wa kijijini uhamishe samaki hakubanwa na kilobaiti. Alitaka iwe siri ya kuambiana, watoto wapige soga nayo shuleni. Labda Japani ilikuwa hivyo. Mtu asiye na wa kupiga naye soga anavua tu.

Jambo lingine nililoligundua ni kwamba ukiondoa kero, mara nyingi inaingia nyingine mlango wa nyuma. Kaseti za mafunzo, TM, zilikuwa za kutumia mara moja tu. Ukimpa mbinu mnyama asiyefaa, imekula kwako. Mwaka 2010 Black na White zikazifanya za kudumu, watu wakashangilia. Mwaka 2019 Sword na Shield zikaleta nyingine za mara moja pembeni. Mwaka 2022 Scarlet na Violet zikarudisha mara moja kwa zote, ingawa unaweza kujitengenezea tena ukiwa na malighafi. Kuhusu kufunza wanyama dhaifu, kazi iliyokuwa ya kuchosha, mwaka 2013 X na Y zilileta kifaa cha kugawia timu nzima uzoefu, chenye swichi. Kuanzia 2018 swichi ikaondolewa. Waliokuwa wakilalamika kwamba kazi ni ngumu wakaanza kulalamika kwamba gemu limekuwa rahisi mno. Nilikuwa mmoja wao, na sioni haya.

Kisha ikaja Juni 2019. Junichi Masuda wa Game Freak alitangaza kwamba Sword na Shield hazitapokea viumbe wote wa zamani. Wangekuja wale waliomo katika orodha ya nchi ya gemu hilo, 400, na wengine wachache. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo, na nakumbuka hasira zilivyowaka mtandaoni. Ukitazama kwa mbali unaona ni kichekesho, watu wazima wanalilia vibonzo. Lakini kuna watu waliokuwa wakihamisha wanyama wale wale tangu 2003, kutoka mashine hadi mashine, kwa sababu daraja halikuwa limekatika tangu hapo. Lilikatika mara moja kabla, kutoka kwenye kaseti za kizazi changu kwenda Ruby na Sapphire, na wale wa kwanza hawakuvuka kamwe. Mnyama aliyekamatwa mwaka 2003 na mtoto wa miaka kumi alikuwa na miaka 16 mfukoni mwake mwaka 2019. Hapo neno kero linaanza kuwa dogo.

Nirudi kwenye kaseti ya mjomba.

Safari yangu, ile niliyoijenga juu ya safari ya yule mtoto wa herufi nne, ilidumu mwaka mmoja na miezi kadhaa. Betri iliyo ndani ya Silver hufanya kazi mbili: kushikilia kumbukumbu na kuendesha saa. Kwa sababu ya saa, huisha mapema kuliko za Red na Blue zilizozitangulia, ambazo hazina saa. Tena imechomelewa kwa risasi kwenye ubao, ndani ya plastiki iliyofungwa kwa skrubu ambayo bisibisi ya nyumbani haiingii. Hakuna onyo lolote. Usiku nilihifadhi, nikazima, nikalala. Asubuhi nikawasha, na neno la kuendelea halikuwepo tena kwenye orodha. Kulikuwa na kuanza upya tu. Haunter alikuwa kiwango cha 41.

Nililia, na mama alidhani nimeanguka. Nilipomweleza, akaniuliza kama huyo Haunter ni wa nani. Sikuweza kumjibu vizuri. Kwa miezi kadhaa baada ya hapo nilicheza bila kuzima, hadi betri ndogo mbili za mashine zilipoisha, kisha naanza tena kijijini. Najua vichochoro vya kile kijiji cha kwanza kuliko vya Ngamiani.

Siku hizi mambo ya safari moja yamelegea kidogo. Kwenye Switch, tangu Let's Go za mwaka 2018, kila mwenye akaunti yake katika mashine anapata safari yake, kwa hiyo mdogo hamfutii mkubwa. Hilo la Haunter nalo lilipata dawa: Januari 2022, kwenye Legends: Arceus, waliweka kifaa kiitwacho Linking Cord. Unakitumia kwa Haunter, anakuwa Gengar, hakuna haja ya mtu mwingine. Miaka 26 baada ya gemu la kwanza la Tajiri kutoka, waya ukawa kitu cha kununua ndani ya gemu. Nilipoambiwa nilifurahi, halafu nikakosa la kusema. Novemba mwaka huo huo zikatoka Scarlet na Violet, bila Linking Cord. Haunter akarudi kusubiri mtu.

Fundi alimaliza kwa nusu saa. Alilazimika kuyeyusha mwisho wa peni kupata bisibisi ya umbo lile la skrubu, akaniambia hajawahi kuona ujinga wa namna hiyo, akanitoza elfu nane na akakataa kupunguza. Betri ya zamani alinipa mkononi, nikaiweka mfukoni, sijui kwa nini.

Usiku ule nilitoka chumba cha habari saa nne na nusu. Nikaanza upya, na profesa aliponiuliza saa nikaweka 22, kama anavyotaka yeye. Kwa kazi hii yetu mimi hurudi nyumbani usiku kila siku, kwa hiyo mnarani mizuka ilikuwa imejaa. Juzi Gastly alifika kiwango cha 25 akawa Haunter.

Bado ni Haunter. Kama kuna mtu Dar au Tanga ana Game Boy, kaseti ya Gold, Silver au Crystal, na ule waya, nitafute. Nitakuja mimi, popote ulipo, na soda juu yangu.